Kilo Unayoificha kwenye Mizani, Kuna Mgongo Unaoipokea

Maneno haya yalitolewa Lubumbashi, katika ukumbi mmoja wa Kamalondo, mbele ya wafanyabiashara wanaosafiri kwa ndege na vijana wanaopakia mizigo. Tunayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Jambo yenu wamama, jambo yenu wababa! Na ninyi vijana wa mizigo mliojibanza kule nyuma kama watu waliokuja kukwepa mvua, sogeeni mbele. Leo mkutano ni wenu.

Hapa mbele kuna valizi mbili nyeusi, masanduku ya safari. Zinatoka duka moja, saizi moja, zote zimezungushiwa skochi, ile tepu ya kunata. Moja ina kilo 23. Nyingine sitasema. Wewe kijana wa fulana ya manjano, hebu njoo. Usiinue! Zitazame tu, kisha utuambie nzito ni ipi.

Hajui. Kuna anayejua? Mama wa kitenge cha bluu unaonyesha ile ya kulia. Kwa nini ya kulia? Ee, umebahatisha. Basi na bagajisti, yule anayepakia valizi ndegeni, anabahatisha hivyo hivyo, mara mia kwa siku. Kaa, kijana, aksanti. Hizi valizi tutazirudia.

Ngoja nianze na kubahatisha huko, maana ndiko kunakoumiza. Mtu akitaka kuinua kitu, misuli hujipanga kabla mkono haujagusa. Umewahi kunyanyua ndoo ukidhani imejaa mayi, kumbe tupu? Uliyumba nyuma, ukacheka, yakaisha. Sasa geuza. Umedhani valizi ina kilo 20, kumbe ina 34. Umeshainama, umeshajipinda kuelekea kwenye mkanda unaosafirisha mizigo, na mgongo unagundua deni katikati ya safari. Nafasi ya kujipanga upya haipo. Hapo ndipo mtu anasema kiuno kimelia.

Ndiyo maana valizi ikipita kilo 23, mashirika mengi ya ndege yanaifunga etiketi ya mzigo mzito, na kilo zake zinaandikwa juu yake. Wamama, ile etiketi haiko pale kuwatia aibu. Inamwambia kijana: huyu mwite mwenzako, mshike wawili. Ukiibandua kwa sababu inaharibu sura ya valizi, umebandua onyo.

Namba ya pili ni 32. Katika mashirika mengi, hiyo ndiyo kilo ya mwisho kwa valizi moja. Ukifika na 33, hata utoe dola ngapi, utaambiwa fungua, punguza. Hapa wengi wanagombana na mtu wa kaunta, na mara nyingi ugomvi unatoka kwenye kusoma tiketi vibaya. Kuna tiketi zinazohesabu valizi: mbili, kila moja kilo 23. Kuna nyingine zinazohesabu kilo: unapewa 40 kwa jumla. Mama anasoma 40, anafurahi, ananunua sanduku moja kubwa kama kabati, analijaza 40 zote. Hapana! 40 ni haki yako wewe abiria. 32 ni mpaka wa kipande kimoja, kwa sababu kipande kimoja mara nyingi kinaishia mikononi mwa mtu mmoja. Gawa mara mbili, 20 na 20, na hutasikia neno.

Najua swali linalokuja. Mbona pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kijana anabeba mfuko wa saruji wa kilo 50 na jioni anaenda kucheza mpira? Mbona Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 liliandika kilo 55 kwa mwanaume mzima? Swali zuri, tusilikwepe.

Kwanza, ile 55 iliwekwa kama dari la kutovukwa. Haikuwekwa kama kipimo cha kazi ya kila siku. Pili, mtazame vizuri yule kijana wa saruji. Wenzake wawili wanamtwisha. Mzigo unakaa begani au kichwani, juu kabisa ya uti wa mgongo. Anatembea wima, anafika, anautua. Je, bagajisti anaweza kuweka valizi kichwani chini ya bawa la ndege? Hawezi. Yeye anaishika mbali na mwili, chini karibu na lami, halafu anajigeuza. Mzigo huo huo, mgongo huo huo, lakini kazi si ile ile.

Hilo lina hesabu yake. Mwaka 1991, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilitengeneza kanuni ya kupima uinuaji. Inaanzia kilo 23. Namba ile ile ya tiketi yenu! Lakini sikilizeni masharti: mikono iwe sentimita 25 tu mbele ya vifundo vya miguu, kwa urefu wa sentimita 75 kutoka chini, yaani pale ngumi zinapofika mtu akisimama mikono imening'inia. Mwili usijipinde. Mshikio uwe mzuri. Na usirudie rudie. Kila sharti linapovunjwa, kilo zinakatwa.

Tukate pamoja. Valizi iko ndani ya kigari, kijana ananyoosha mikono hadi sentimita 50. Gawa 25 kwa 50, unapata nusu. Kilo 23 zimekuwa 11 na nusu. Mshikio uko chini, sentimita 15 tu kutoka ardhini: zidisha kwa 0.82. Imebaki 9.4. Sasa anajipinda nyuzi 45 kuelekea kwenye mkanda: zidisha kwa 0.856. Zimebaki kilo 8! Na bado hatujahesabu kwamba ana valizi nyingine 119 zinazomngojea. Kwa hiyo valizi ya kilo 23, ile halali kabisa, ile mliyolipia, katika mkao huo ni karibu mara tatu ya kinachofaa. Ya kilo 32 ni mara nne.

Mnaona? 23 si ruhusa iliyotolewa na mgongo. Ni maelewano kati ya biashara na mgongo, na mgongo ndio uliokubali hasara.

Sasa tuingie mahali ambapo abiria haoni. Ndege nyingi zinazotua Luano, uwanja wetu wa ndege, ni zile zenye njia moja katikati ya viti. Katika wingi wa ndege hizo, valizi haziingii ndani ya makontena. Zinapangwa moja moja, kwa mkono, tumboni mwa ndege. Na urefu wa tumbo hilo? Mita moja na kitu. Mtu mzima hasimami humo. Anapiga magoti, anajikunja, wakati mwingine anakaa kitako.

Hebu nyote mlio kwenye viti vya plastiki, jaribuni kidogo. Nyoosheni mikono yote miwili kulia, mjifanye mnasukuma debe bila kunyanyua makalio. Nini kinafanya kazi? Mabega. Kiuno. Miguu imelala. Sasa kumbukeni lile bango linaloning'inia kila mahali pa kazi: inua kwa magoti, usiinue kwa mgongo. Aliyepiga magoti tayari atainua kwa magoti gani? Hata ile kanuni niliyowasomea inasema yenyewe kwamba haimhusu mtu aliyepiga magoti wala aliye mahali finyu. Hakuna hesabu rahisi ya mle ndani. Kuna mwezi wa kumi, jua la saa nane, chuma kimekuwa kama sufuria, na valizi zinaingia mkandani moja baada ya nyingine.

Kazi inakwenda hivi. Mmoja yuko chini anaweka valizi kwenye gari la mkanda. Mmoja yuko mlangoni mwa tumbo anapokea na kusukuma ndani. Mmoja yuko ndani kabisa anapanga ukuta: nzito chini, nyepesi juu, hadi karibu na dari, kisha wavu unafungwa. Huyo wa ndani ndiye anayenyanyua juu ya bega akiwa amepiga magoti. Vijana, huyo msimwache mle kuanzia valizi ya kwanza hadi ya mwisho. Badilishaneni katikati ya ndege moja, msingoje ndege nyingine. Valizi isirushwe, iteleze, sakafu ya tumbo ni laini. Igeuze mshikio ukutazame wewe kabla hujainyanyua. Na kabla ya kuinua yoyote iliyo chini, iinamishe kidogo upande mmoja kwa mkono mmoja. Ikigoma kuinama, imekwambia uzito wake, mwite mwenzako. Sekunde moja tu hiyo. Vaeni vikinga magoti. Mwajiri asipotoa, hilo ni jambo la kuandikiwa barua, si la kunung'unikia kwenye mlo wa bukari, ugali wetu.

Wafanyabiashara, nanyi mna mkono wenu mle ndani, ingawa hamjawahi kuingia. Niambieni, mfuko wa unga wa mahindi kutoka kiwandani ni kilo ngapi? 25! Umepita 23 kabla hujaweka hata pakiti moja ya vinkubala, wale viwavi wakavu, kwa ndugu wa Brussels. Ugawe kwanza. Valizi kubwa yenyewe ikiwa tupu ina kilo nne, hata tano, nayo inahesabiwa. Nunueni kimizani cha kuning'iniza, muweke lengo la kilo 22 nyumbani, kwa sababu mizani mbili hazisemi neno moja. Vitu vizito viwe upande wa magurudumu, hapo valizi haimgeuki mtu mkononi. Na ile plastiki ya kuzungushia: wengi mnaizungusha hadi mshikio unapotea. Kijana atashika wapi? Anakumbatia, vidole vinateleza, inamwangukia mguuni. Ukishazungusha, chana pale kwenye mshikio na uutoe nje, ule wa juu na ule wa ubavuni.

Mabunda ya mviringo yaliyofungwa kamba nayo mnayajua. Waliozoea Dubai watakumbuka kwamba tangu mwezi wa tatu 2017 uwanja ule ulikataa mizigo ya mviringo na isiyo na upande bapa. Ilikuwa inabingirika na kukwama kwenye mikanda. Tia bunda ndani ya katoni, umemaliza. Betri za ziada na pawabenki zikae kwenye mfuko wa mkononi, na ziwe za matumizi yako tu; za kuuza haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Moto ukianza kule chini hakuna wa kuufikia. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh ina kama wati-saa 74, yaani kipimo cha umeme ulio ndani yake, inapita. Ikizidi wati-saa 100, uliza shirika kwanza.

Haya, tufike kwenye ule ujanja. Mnacheka, basi mmeujua. Valizi iko kwenye mizani, ncha ya kiatu inaingia chini yake na kuinyanyua kidogo, mizani inasoma 23 na ukweli ni 29. Au mfuko wa mkononi wa kilo 15 unabebwa kwa kidole kimoja huku mwenyewe anatabasamu. Kilo sita. Nani ameumia?

Abiria 120 wakificha kilo nne nne, hizo ni kilo 480 ambazo hazimo kwenye karatasi ya uzito. Rubani anasoma karatasi ile ndipo anajua aende mbio kiasi gani kabla ya kuinua pua, na njia inamtosha au haimtoshi. Na kumbukeni tuko wapi. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na joto linaipunguza zaidi. Injini inapata nguvu kidogo, bawa linashika kidogo, ndege inahitaji njia ndefu kuliko ingehitaji Dar es Salaam. Mkiambiwa valizi zimebaki kwa sababu ya uzito, si mara zote ni uongo. Mchana wa joto, ndege ile ile hubeba pungufu kuliko alfajiri.

Tarehe 8 Januari 1996, Kinshasa, uwanja wa N'Dolo. Antonov ya mizigo iliyojazwa kupita kiasi ilikimbia njia yote na haikupanda. Mbele yake kulikuwa na soko, Simbazikita, wamama wamepanga meza. Walikufa watu zaidi ya 200, na karibu wote hawakuwa abiria wa ndege yoyote. Walikuwa wanauza na kununua.

Miaka saba baadaye, tarehe hiyo hiyo 8 Januari, mwaka 2003, mji wa Charlotte, Marekani. Ndege ndogo ya watu 21. Mafundi walikuwa wamefunga vibaya kebo za usukani wa mkia. Lakini kulikuwa na kosa la pili: uzito wa abiria na valizi haukupimwa, ulikadiriwa kwa wastani wa zamani, na watu na mizigo ya siku ile walikuwa wazito kuliko wastani huo. Mkia ulizidiwa. Ilinyanyua pua, ikazidi kunyanyua, marubani wakashindwa kuishusha. Wote 21 walikufa. Baada yake mamlaka ya Marekani iliongeza namba za wastani. Hakuna aliyeficha kilo pale! Walikosea tu kuzihesabu. Sasa sisi tunaozificha kwa ncha ya kiatu?

Vijana, dakika chache zenu, kisha tufungue valizi.

Uzito una mahali pake, hata ukiwa halali. Kwa kawaida unapakia mbele kwanza, na unapakua nyuma kwanza. Ukiondoa vya mbele huku nyuma kumejaa, mkia unakaa chini kama mbuzi. Tarehe 22 Oktoba 2023, New York, ndege ndefu ilikuwa imefika salama, abiria wanashuka na mizigo inashushwa. Uzito ukahamia nyuma, pua ikapanda hewani mlangoni pale pale. Hakuna aliyeumia, lakini fikirini kijana angekuwa amesimama chini ya mkia.

Taa nyekundu inayomweka tumboni na mgongoni mwa ndege ikiwa inawaka, usikaribie. Hata kama umechelewa, hata kama msimamizi anapiga kelele. Ngoja injini zinyamaze, taa izimike, magurudumu yawekewe vizuizi. Desemba 31, 2022, Montgomery, Alabama, mfanyakazi wa chini alikwenda kuweka koni ya nyuma wakati injini moja bado inazunguka. Ilimvuta. Walikuwa wamekumbushwa kabla ya ndege kufika, si mara moja.

Hesabuni watu wenu kabla ya kufunga mlango wa tumbo, kwa majina. Aprili 2015, Seattle, kijana wa mizigo alilala usingizi mle ndani, wenzake wakafunga, ndege ikaruka. Alipiga ngumi na kelele hadi abiria wakamsikia, ndege ikarudi baada ya dakika 14. Alipona kwa sababu sehemu ile ina hewa na joto kama ya abiria. Si kila tumbo la ndege lina bahati hiyo.

Pete, mikufu, kamba za kofia, viondoeni kabla ya kusimama kwenye mkanda. Na kiuno kikilia, sema siku ile ile, na iandikwe siku ile ile, na jina la aliyeshuhudia. Ajali ya kazini ni jambo la CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, lakini maumivu yaliyotajwa baada ya wiki tatu yatageuzwa kuwa ya mpira wa Jumapili. Ninyi vibarua wa siku ambao majina yenu hayako kwenye orodha yoyote, hilo ndilo pengo lenu kubwa, kubwa kuliko valizi yoyote. Ulizeni kwa pamoja, msiulize mmoja mmoja.

Haya. Kijana wa manjano, rudi, na umlete mwenzako. Ile ya kushoto, shikeni wawili, wekeni kwenye mizani. Mama, tusomee kwa sauti. 36! Na ulikuwa umebahatisha ya kulia.

Kata skochi. Tuone. Bitenge, vipande 12. Ndakala, samaki wadogo wakavu, mfuko huu. Viatu. Na huku chini, angalieni, unga wa bukari, kilo 10, umelala upande wa mshikio badala ya magurudumu. Mama, toa unga. Mizani inasema ngapi? 26. Toa na ndakala. 22 na nusu. Funga. Ule mfuko mdogo pale utapokea unga na ndakala, na wenyewe utapimwa pia.

Sasa kijana, inamishe kwanza. Imekubali? Inua.

Waliokuja na valizi zao wapange mstari huku, mizani iko wazi hadi saa kumi na moja.